Mke Mbele, Mume Nyuma: Kilomita 600 Katika Nchi ya Dhahabu na Almasi

Ukimiliki pikipiki kubwa katika nchi hii, jiandae kujibu maswali matatu kila unaposimama sheli. La kwanza: ina CC ngapi? La pili: inakula mafuta kiasi gani? La tatu, ambalo huulizwa kwa macho yanayong'aa: inakimbia mpaka ngapi? Mimi kwa kuwa ni mwanamke naongezewa na la nne, na mara nyingi wanaoniuliza ni wanawake wenzangu: "Na mumeo anasemaje?"

Matatu ya kwanza nayajibu kwa pumzi moja. CC 781. Lita moja kwa kilomita kama 18 hivi. Inaishia ngapi sijui, maana sijawahi kwenda kuutafuta mwisho wake. Hilo la nne ndilo lenye makala hii. Kwa miaka minne jibu lake lilikuwa neno moja tu: "Uza."

Agosti 2025 tuliamua kulimaliza suala hili, na tukalimaliza barabarani. Tulitoka Shinyanga, tukapita Kahama, tukalala Geita, tukarudi kwa kuvuka Ziwa Victoria juu ya daraja jipya. Siku mbili, kilomita zinazokaribia 600, zote za lami. Mimi nikiwa mbele nimeshika usukani, Baba Watoto nyuma amenishika kiuno. Ndiyo, umesoma vizuri. Usukumani, mchana kweupe, mume amebebwa na mkewe!

BIBI MWENYEWE NI NANI?

Ni Honda VFR800 ya mwaka 1999, nyekundu, yenye michubuko miwili ya ubavuni niliyoikuta nayo. Kwa asiyezijua, pikipiki za ukoo huu zilibuniwa kwa ajili ya mtu anayetaka mwendo wa pikipiki ya mashindano lakini ana safari ndefu na ana mwenzake wa kubeba. Unainama kidogo, hulalii tangi. Mbele kuna makava ya kukata upepo. Tangi linabeba lita 21. Na kiti cha nyuma ni kiti kweli, cha mtu mzima kukaa siku nzima, siyo kile kipande cha sponji wanachobandika kwenye pikipiki za mbio ili mpenzi wako ateseke.

Injini ina silinda nne zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Honda walianza kutengeneza injini za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, na za mwanzo ziliwachafulia jina kwa sababu kemshafti zake zililika mapema. Mwaka 1986 wakaja na VFR750F, ambayo kemshafti zake zilizungushwa kwa magurudumu ya meno badala ya cheni, na jina likasafishika. Hii 800 ilitoka mwaka 1998 ikiwa bado na meno yale. Toleo la 2002 lilirudi kwenye cheni. Ndiyo maana wapenzi wa pikipiki hizi huzitafuta za miaka yangu: ukifungua mafuta inatoa mluzi mwembamba, kama cherehani inayoimba.

Niliinunua Kahama kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi migodini ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha. Sikuipeleka Dar. Injini hii inapenda upepo, na kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni joto lake lingetupika mapaja. Kwa hiyo inaishi Shinyanga kwa mama mkwe wangu, chini ya kitenge kikuukuu, nasi tunaifuata wakati wa likizo. Baba Watoto anaiita "mume mwenza." Anacheka akisema hivyo, lakini si sana.

HESABU ZA BABA WATOTO

Nisimwonee. Hoja zake zilikuwa mbili, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni pesa. Kitu kinacholala chini ya kitenge miezi kumi kwa mwaka kinaweza kuuzwa, zikanunuliwa Boxer mbili, wakapewa vijana, na kila jioni ikaingia hesabu. Kila anayeishi Kanda ya Ziwa anaijua biashara hiyo. Tairi za nyuma za Boxer zimejaa kila duka la spea. Ya kwangu ni 180/55 ya inchi 17. Fundi wangu wa Shinyanga alipouliza madukani walidhani anatafuta tairi la gari.

Ya pili ni woga. "Ukienda nayo peke yako, mimi silali," aliniambia siku moja. "Tukienda wote, watoto watalala na nani?" Tuna wawili, wa miaka tisa na mitano. Hapo hakuna utani. Kila mmoja wetu ana ndugu au jirani aliyeondokewa na mtu kwa ajali ya pikipiki.

Usiku wa kuamkia safari tulikaa mezani na karatasi. Tukaandika masharti: kuondoka alfajiri na kufika kabla jua halijazama. Mwisho 90 kwenye lami tupu, 50 kwenye makazi kama sheria inavyosema. Kupumzika kila baada ya saa moja. Akinigonga paja mara moja, napunguza mwendo. Akinigonga mara mbili, nasimama, bila kuuliza sababu. Nyuma ya karatasi ileile tukaandika hati ya kiwanja iko wapi, bima ziko wapi, na jina la mdogo wangu ambaye angekaa na watoto. Kuiandika ile sehemu ya nyuma kulituchukua muda mrefu kuliko ya mbele. Nadhani yalikuwa mazungumzo ya kweli kuliko yote tuliyowahi kufanya tangu tuoane, na pikipiki ilikuwa bado imezimwa.

Asubuhi tulimkabidhi mama mkwe karatasi. Nilipiga goti, nikamwambia, "Mwangaluka, mayu." Aliitikia huku akiitazama Honda, kisha akamtazama mwanawe. "Mnakwenda wote wawili juu ya kitu kimoja?" Hakuna aliyemjibu.

SHINYANGA HADI KAHAMA

Saa kumi na mbili na nusu, Agosti, Shinyanga ina baridi ambayo watu wa Dar hawaamini. Ardhi imekauka, lakini usidanganywe na wanaosema mkoa huu ni jangwa. Pembeni ya barabara utaona vichaka vimesimama, na vingine ni ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliwapa nguvu watu waliokuwa wakiijua kazi hii tangu kwa babu zao, na miti ikarudi.

Tinde ndipo njia zinapoachana. Ukinyoosha unakwenda Nzega na hatimaye Dar. Ukikata kulia unaelekea Isaka, kwenye bandari kavu ya mizigo ya nchi jirani, ambako reli ya SGR kutoka Mwanza nayo inajengwa kuja kuunganishwa. Kuanzia hapo unagawana barabara na malori ya Rwanda, Burundi na Congo. Kulipita lori refu ukiwa na mtu nyuma ni kazi ya kichwa: kwanza unavutwa kuelekea kwake, kisha ukitokea mbele yake upepo unakusukuma. Pikipiki hii ina uzito wa zaidi ya kilo 200, inatulia. Niliyemhisi akikakamaa ni abiria.

Kabla ya Kahama mjini unaupita mgodi wa Buzwagi, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na kusimama mwaka 2021. Wengi walidhani Kahama ingesinyaa. Nenda ukaione. Mchele, malori, nyumba za wageni na maduka ya simu vimeubeba mji.

Tulikunywa chai na chapati karibu na stendi. Dakika mbili, bodaboda kumi wametuzunguka. CC ngapi? Inakula ngapi? Kisha mmoja akamgeukia mwenzangu. "Shemeji, kumbe umebebwa?"

"Nimebebwa."

"Kama mzigo?"

"Kama bosi," Baba Watoto akajibu bila kuacha chapati yake. "Ulishaona bosi anakaa mbele?"

Kijiwe kizima kilicheka, nami nikacheka zaidi kuliko wote. Nilijua usiku kucha alikuwa akiliogopa swali lile.

NJIA NDEFU NDIYO FUPI

Kutoka Kahama kwenda Geita kuna njia ya mkato kupitia Kakola, ulipo mgodi wa Bulyanhulu. Bodaboda wa Boxer angepita huko bila kufikiri. Wakati wa safari yetu bado ilikuwa na vipande vya vumbi na ujenzi, na pikipiki yenye tumbo la chini na tairi laini za lami haina biashara kwenye changarawe. Tukazunguka kwa nje: Masumbwe, Ushirombo, Runzewe, kisha kulia kuelekea Bwanga, halafu Katoro hadi Geita. Lami mwanzo hadi mwisho.

Adui wa njia hii ni matuta. Kila kijiji kina yake, na kila fundi aliyeyajenga alikuwa na maoni yake kuhusu urefu. Mara mbili Baba Watoto alilazimika kushuka ili bomba lisigonge chini. Nikavuka taratibu, naye akinifuata kwa miguu na helmeti kichwani, kama mlinzi wa rais. Watoto wa shule wakampigia makofi.

Halafu kuna ng'ombe. Usukumani ng'ombe akivuka barabara, wewe ndiye mgeni. Unazima injini, unasubiri, unamsalimia mchungaji. Usipige honi.

Baada ya Ushirombo, barabara ilinyooka, mbele hapakuwa na lori wala tuta, volti kwenye kile kidude nilichofunga karibu na saa zinasoma 14.1, kila kitu shwari. Ghafla nikagongwa paja. Mara mbili.

Nikasimama pembeni. Akashuka, akavua helmeti, akatazama mashamba. Nikamtazama. Sikuuliza, maana ndivyo tulivyoandika. Dakika tatu hivi zikapita.

"Hamna kitu," akasema. "Nilitaka kujua kama utasimama."

Akapanda tena. Kuanzia pale mikono yake ililegea. Alinishika kama anayeshika mtu, kabla ya hapo alikuwa anashika nguzo.

GEITA, MJI USIOLALA

Katoro ilitupokea kwa kelele za soko. Hapa ndipo unapoelewa pikipiki ni nini katika nchi ya dhahabu. Boxer moja imebeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara kwenda kwenye karasha. Nyingine imebeba jenereta, nyingine magogo ya kukingia mashimo, nyingine ina mshikaki wa vijana watatu wenye vumbi mpaka kwenye kope. Mgodi mkubwa una malori yake makubwa kama nyumba. Mchimbaji mdogo ana bodaboda. Honda yetu iliyooshwa ikaonekana kama mtu aliyevaa suti shambani.

Geita ni mkoa tangu mwaka 2012, lakini dhahabu yake ni ya kale. Mkoloni aliichimba, mgodi wa zamani ukafungwa mwaka 1966, na mgodi wa sasa wa GGM, wa kampuni ya AngloGold Ashanti, ulianza kuzalisha mwaka 2000. Mwaka 2019 serikali ilifungua hapa soko la madini, la kwanza nchini, ili mchimbaji auze mbele ya mizani inayoonekana badala ya kuuza gizani. Kutwa mjini utasikia watu wakizungumza kwa gramu kama sisi tunavyozungumza kwa shilingi.

Tulifika saa tisa alasiri, tukachagua nyumba ya wageni yenye geti na mlinzi. Jioni tukala sato wa kukaanga kwa ugali, mikono ikinukia ndimu. Tuliporudi tukakuta mwanaume mmoja, mnunuzi wa dhahabu kwa maelezo yake, anaizunguka pikipiki kwa mara ya tatu. Alitaja bei. Ilikuwa nzuri, msomaji. Nzuri kuliko niliyonunulia. Na kama kawaida aliitaja kwa mwanaume.

Nilinyamaza. Kwa miaka minne Baba Watoto aliitaka siku hii, na Boxer zake mbili zilikuwa pale, zimesimama mbele yetu taslimu. Akamsikiliza yule bwana hadi mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Muulize dereva."

Nikasema haiuzwi. Chumbani hatukuijadili. Alikuwa amelala kabla sijamaliza kupanga helmeti.

DARAJA, NA ALMASI YA BIBI HARUSI

Siku ya pili ni ya starehe. Geita hadi Sengerema barabara inapanda na kushuka kwenye vilima vyenye migomba na mihogo, kona zimefunguka vizuri. Hapa ndipo mluzi ule wa injini ulipoimba, na abiria wangu akaanza kuinama nami kwenye kona bila kuambiwa. Abiria anayenyooka wakati dereva anainama anaweza kuwaangusha wote wawili. Anayeinama nawe unamsahau kabisa kwamba yupo, na hiyo ni sifa.

Kisha Busisi. Waliozoea safari za huku wanajua maana ya kusubiri kivuko, jua la utosi, mahindi ya kuchoma, na foleni isiyosogea. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli liko wazi, kilomita 3 juu ya ghuba ya Ziwa Victoria kati ya Busisi na Kigongo. Upepo wa ubavuni upo, shika usukani kwa utulivu. Dakika chache tu na umeshavuka. Nusu nzima nilijikuta nasikitika kwa kuwa inaisha haraka.

Kutoka Usagara tukashuka kusini kupitia Misungwi hadi Maganzo, mji wa madalali wa almasi, jirani na Mwadui. Mgodi huo aliugundua mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, ikatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Nilimsimulia Baba Watoto tukinywa soda kivulini.

"Yule alipewa almasi," akasema. "Mimi nimepewa mgongo."

Saa kumi jioni tuliingia uani. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, na karatasi yetu iko mapajani, imekunjwa mara nne. Alinirudishia, akaingia ndani kututolea michembe na mtindi.

KWA HIYO ANASEMAJE?

Nisikudanganye kwamba amekuwa shabiki. Makubaliano yetu ni haya: pikipiki inakaa mpaka tairi zilizopo ziishe. Zikiisha, tunakaa mezani tena na karatasi, tunapiga hesabu upya, pamoja na ile ya watoto. Huenda ikaja siku tukaiuza, na nitakuwa na amani. Ila sitaiuza kwa sababu mmoja wetu alinung'unika hadi mwingine akachoka. Ndoa ngapi zinaendeshwa hivyo!

Pikipiki hii ilitengenezwa kwa watu wawili. Ukiinunua bila ridhaa ya yule wa pili umenunua nusu, hata kama umelipa bei yote.

UKITAKA KUJARIBU

* Leseni daraja A, bima na kadi ya pikipiki ziwe mfukoni.

* Kabla ya kununua pikipiki ya umri huu, pima umeme. Injini ikiwa imewaka na imepata moto, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisoma pungufu, au ikizidi 15, mwite fundi umeme kwanza, na bei ishuke.

* Soma umri wa tairi: tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri huku mpira umekufa.

* Tairi, cheni na pedi za breki agiza mapema kutoka Dar au Nairobi. Usisubiri ziishe.

* Jaza mafuta Kahama na Geita. Usibahatishe katikati.

* Nenda kiangazi, Juni hadi Septemba. Vaa jaketi, glovu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, wote wawili. Helmeti ya abiria iwe saizi yake, si ile ya kuazima.

* Na kabla ya yote hayo, tafuteni karatasi. Andikeni mbele, andikeni na nyuma.

Safari njema!